Mzigo na Furushi

Familia yenye ndugu aliyenaswa na pombe au dawa za kulevya hulazimika kujibu maswali ya maadili kila siku, na mara nyingi huyajibu ikiwa imesimama mlangoni. Kijana anakuja jioni. Anasema hajala tangu jana, anaomba shilingi elfu mbili. Tukimpa, huenda fedha ikaishia kwa muuza kete. Tukimnyima, huenda ni kweli hajala. Elfu mbili ni fedha kidogo, lakini imebeba swali kubwa: upendo unatudai nini kwa mtu ambaye kila tunachompa anaweza kukitumia kujiangamiza?

Nyumbani kwetu tumerithi majibu mawili, na yote mawili yana methali zake. La kwanza linasema mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Huyu ni damu yetu. Tumpe, tumfiche, tumlipie, tumsubiri. La pili linasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tumeonya vya kutosha. Sasa aende, akiumia atajifunza. Ajabu ni kwamba majibu haya mawili huishi katika nyumba moja. Jumatatu mama analipa deni la kilabuni ili mwanawe asipigwe. Ijumaa baba anatupa begi la kijana huyo huyo barabarani. Jumapili wote wawili wako kanisani, na kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye aliyempenda mtoto, na mwenzake ndiye aliyemharibu.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka wake kwa Wagalatia, anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Katika mstari wa pili anawaagiza waamini wachukuliane mizigo. Mistari mitatu tu baadaye anasema kwamba kila mtu atachukua cha kwake. Msomaji wa haraka atauliza: tuchukuliane, au kila mtu na lwake? Lakini Paulo hakutumia neno lile lile mara mbili, na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version imelitunza jambo hilo vizuri. Kule juu inasema mizigo. Huku chini inasema furushi. Mzigo ni ule unaomlemea mtu mpaka asiweze kusimama. Furushi ni lile ambalo kila msafiri hujitwika mwenyewe, kwa sababu safari ni yake.

Tunaamini kwamba sehemu kubwa ya hekima ya kumsaidia mraibu iko hapo: kujua lipi ni mzigo, tumsaidie kuubeba, na lipi ni furushi, tumwachie. Familia ya huruma hukosea inapombebea furushi. Familia ya ukali hukosea inapomwachia mzigo. Na mara nyingi familia ile ile hufanya yote mawili.

Tuanze na mzigo, kwa kuwa ndio usioonekana. Watu wengi kanisani bado wanadhani kwamba anayetumia heroini anaendelea kwa sababu anafurahia. Labda mwanzoni ilikuwa hivyo. Baada ya muda, mwili hujipanga upya kuizunguka dawa ile, na mtu hutumia ili asiumwe. Akikosa, arosto humshika ndani ya siku moja: machozi na kamasi, tumbo kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, usiku kucha bila usingizi. Kumwambia mtu aliye katika hali hiyo ajikaze ni sawa na kumwambia mgonjwa wa malaria aache kutetemeka.

Kwa pombe jambo ni zito zaidi, na kila nyumba ingefaa kulijua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa vibaya katika siku chache za mwanzo, na wengine hufa. Kumfungia chumbani ili aache kwa nguvu, hata kama tunamfungia kwa maombi, kunaweza kumuua. Huo ni mzigo. Hauwezi kubebwa na utashi wake peke yake, na unahitaji daktari.

Hapo mtu atauliza: basi uraibu ni ugonjwa, si dhambi? Tukisema ni ugonjwa, je, hatujampa kisingizio? Swali hili si geni katika Kanisa. Mwafrika mwenzetu Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita jinsi alivyokuwa amefungwa na mazoea yake mwenyewe. Alieleza kwamba utashi uliopinda huzaa tamaa; tamaa ikitumikiwa huwa desturi; na desturi isipopingwa huwa lazima. Aliona pete hizi zimeshikana kama mnyororo. Tunaona hekima kubwa katika maelezo hayo, kwa sababu hayamlazimishi mtu kuchagua upande. Pete ya kwanza ilipita mikononi mwa mtu mwenyewe. Hatuwezi kusema hana lolote la kujibu. Lakini pete ya mwisho imemfunga kweli. Hatuwezi kusema anaweza kuondoka wakati wowote anapotaka. Aliyejifunga kwa hiari bado amefungwa.

Kwa hiyo kumwita mgonjwa si kumfutia wajibu. Ni kuutambua wajibu wake ulivyo sasa. Wajibu wake wa leo si kuonyesha kwamba anaweza kuacha peke yake, maana huenda hawezi. Wajibu wake ni kukubali msaada anaoweza kuupokea. Hilo ndilo furushi.

Na furushi hili lina vitu vyake. Ukweli ni wa kwake: yeye ndiye wa kusema ninatumia, nimeuza simu ya dada, nimerudia. Hatua ya kwenda kliniki ni ya kwake. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke, na mikoani kama Dodoma, Mbeya na Mwanza. Dawa ile hutolewa bila malipo. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, na humzuia asishikwe na arosto kwa siku nzima, ili aweze kufanya kazi, kula na kulala kama watu wengine. Lakini lazima aende, leo na kesho na keshokutwa, kwa miezi na pengine miaka. Hakuna mama anayeweza kuinywa dawa hiyo kwa niaba ya mwanawe. Madeni yake pia ni ya kwake, na aibu ya kukutana na wale aliowaibia ni ya kwake. Tukimwondolea vyote hivyo, tunamwondolea pia heshima ya kuwa mtu mzima.

Hapa ndipo penye jaribu kubwa la nyumba zetu, nalo ni kuficha. Mke anampigia simu bosi wa mumewe na kusema ana homa. Kaka anarudisha fedha za kikoba kimya kimya kabla wanachama hawajagundua. Wazazi wanasema kijana amesafiri kwa mjomba, kumbe yuko maskani nyuma ya stendi. Kila uongo wa namna hii huzaliwa na upendo, na kila mmoja humwongezea mraibu muda wa kutojua hali yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Katika jambo hili methali hiyo si mfano, ndivyo inavyotokea. Kuna nyumba ambazo mara ya kwanza kwa majirani kusikia kuhusu heroini ni siku ya msiba.

Tunapokataa kusema uongo kwa ajili yake, hatumtangazi. Kuna tofauti kati ya kumtetea mtu na kumfunika. Mke anaweza kumwambia mumewe kwa upole: sitampigia bosi wako, mpigie mwenyewe, nami nitakaa hapa karibu yako. Katika maneno hayo machache furushi limerudishwa kwa mwenyewe, na mzigo haujaachwa.

Sasa turudi kwenye elfu mbili. Anayesema hajala apewe chakula, tena apewe sahani kama ya wengine, akae mezani kama hajalewa kiasi cha kutishia watu. Anayesema anaumwa tumpeleke hospitali sisi wenyewe. Anayesema anataka nauli ya kliniki, tupande naye daladala, au tukubaliane na mtu anayekwenda njia hiyo. Fedha taslimu mkononi ndicho kitu pekee ambacho kwa kawaida hatuna sababu ya kumpa, na tunaweza kumwambia hivyo bila hasira na bila hotuba. Ada ya watoto wake ilipwe shuleni moja kwa moja kama tunao uwezo, kwa kuwa njaa na ujinga wa watoto si furushi lake. Ni mzigo ulioangukia wasio na hatia. Akiuza sufuria ya mama yake, tusiinunue tena kwa siri na kuirudisha jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na nyumba je? Akipiga watu, akiwatisha watoto, akileta wauzaji ndani, asilale humo. Usalama wa mke na watoto unatangulia, na mchungaji anayemwambia mwanamke avumilie kipigo kwa sababu mume wake ni mgonjwa anampa shauri baya. Lakini hata aliyeondolewa ndani anaweza kujua siku na saa ambayo chakula chake kipo na kuna mtu wa kuzungumza naye. Augustino anasimulia kwamba mama yake, Monika, kwa muda alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja, kwa sababu ya mafundisho potofu aliyoyafuata. Baadaye alimrudisha mezani ilhali kijana bado hajabadilika, na miaka iliyofuata akamfuata ng'ambo ya bahari hadi Milano. Mama yule yule aliyejua kusema hapana hakuacha kumfuata mwanawe.

Wapo watakaosema tunalegeza mambo. Watasema mwana mpotevu katika Luka 15 alizinduka kwa sababu alikuwa na njaa kati ya nguruwe, na baba hakumtumia chochote huko. Ni kweli; Luka hasemi kwamba baba alituma fedha. Alimwacha mwanawe alichukue furushi la uamuzi wake, na hilo ni fundisho kwetu sote tunaopenda kulipa madeni ya wengine. Lakini tusiifanye hadithi ile kuwa kanuni kwamba kila mtu ni lazima afike kwa nguruwe ndipo azinduke. Wengine huzinduka hospitalini, wengine kazini, wengine kwa neno moja la mtoto wao mdogo. Na wengine hawafiki mahali pa kuzinduka, kwa kuwa wanakufa njiani. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila heroini, labda gerezani, mwili wake hupoteza uwezo wa kuistahimili. Akitoka na kutumia kiasi kile alichokizoea, anaweza kuacha kupumua usiku huo huo. Ulimwengu tunaoutaka umfunze ni mwalimu anayeua baadhi ya wanafunzi wake. Mzazi anayesema mwache dunia imfunze, ajue anamkabidhi kwa nani.

Tena tukumbuke kwamba baba yule alimwona kijana kabla hajafika, akakimbia kumlaki. Anayemwona mtu kwa mbali ni yule ambaye hajaacha kutazama njia.

Tumezungumza juu ya mraibu, lakini kuna mwingine anayeumia. Katika nyumba nyingi mzigo huu wote umemwangukia mtu mmoja, na kwa kawaida ni mwanamke: mama, mke, dada mkubwa. Yeye ndiye anayelala na pochi chini ya mto. Yeye ndiye anayeamka saa nane usiku kusikiliza kama mtu bado anapumua. Yeye ndiye anayeulizwa na ukoo ulimlea vipi huyu. Agizo la Paulo la kuchukuliana mizigo halikuandikwa kwa mtu mmoja. Liliandikwa kwa makanisa. Mwaka 1951 huko Marekani, Lois Wilson, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, alishiriki kuanzisha vikundi vya Al-Anon kwa ajili ya ndugu wa walevi, kwa sababu aliona kwamba nao wanahitaji kuponywa. Jumuiya zetu za mitaani zinaweza kufanya hivyo bila kungoja mradi wala mfadhili. Zinaweza kuketi na mama huyu alasiri moja kwa wiki, na asiulizwe alikosea wapi.

Kanisa lina mambo mengine ya kufanya, na machache ya kuacha. Liache kumwita mtu teja. Neno hilo humwambia kwamba hana jina lingine, wakati ubatizo ulimpa jina. Liache kumsimamisha mbele ya watu atoe ushuhuda siku ya kumi ya kuacha, kwa sababu akianguka siku ya ishirini hatakuwa na uso wa kurudi. Na liache kabisa kumwambia mtu aliyeombewa kwamba sasa atupe methadoni yake ili aonyeshe imani. Maombi na dawa havigombani. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyewapa wanadamu akili ya kutengeneza dawa. Kumnyang'anya mgonjwa dawa kwa jina la imani ni kumtwika tena mzigo ambao alikuwa ameanza kuutua. Kwa aliyeacha pombe, mchungaji amuulize faraghani kuhusu mvinyo wa Meza ya Bwana, ili asije akalazimika kuchagua kati ya kushiriki na kuanguka.

Kisha lifanye yale madogo yanayodumu. Nauli ya kwenda kliniki kila siku ni kikwazo halisi kwa maskini, na kikundi cha watu sita kinaweza kuichanga. Nyumba za upataji nafuu zipo, lakini nyingi zinahitaji familia ichangie gharama, na familia nyingine haina. Fundi seremala aliye mshiriki wa usharika anaweza kumpa kijana kazi ya nusu siku baada ya dawa yake. Kazi hiyo itafanya mengi ambayo semina haiwezi.

Na akianguka tena? Wengi huanguka, na zaidi ya mara moja. Hapa tunahitaji kutenganisha vitu viwili tunavyovichanganya kila mara, yaani kusamehe na kuamini. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, jibu alilopewa lilikuwa kubwa kuliko hesabu aliyokuwa nayo. Msamaha ni wetu kuutoa, na tunaweza kuutoa hata leo. Lakini kuaminiwa ni sehemu ya furushi lake. Hujengwa polepole, kwa siku nyingi za kusema kweli. Tunaweza kumsamehe kabisa leo, na tusimpe ufunguo wa nyumba hadi mwaka ujao. Hakuna unafiki hapo. Kumpa ufunguo kabla hajaweza kuubeba ni kumwekea mtego, na kumnyima msamaha hadi atakapostahili ufunguo ni kumwondolea sababu ya kuanza.

Injili ya Marko, katika sura ya pili, inasimulia juu ya mtu aliyepooza. Alichukuliwa na watu wanne. Hakuwa na nguvu ya kufika penye msaada, na rafiki zake hawakusimama pembeni kujadili kama ugonjwa wake ni kosa lake. Mlango ulipozibwa na umati, walitoboa dari. Hiyo ndiyo sehemu ya mzigo, nayo ilihitaji wanne, si mmoja. Lakini Yesu alipomponya alimwagiza ajitwike godoro lake na kwenda nyumbani. Godoro ambalo mwanzo lilimbeba yeye, sasa alilibeba mwenyewe, na wale wanne hawakumfuata nyuma wakimshikia ncha.

Si kila tunayembeba atasimama siku hiyo. Wapo tutakaowabeba kwa miaka, na wapo tutakaowabeba mara ya mwisho kuelekea makaburini. Rafiki wale wanne hawakuwa na uwezo wa kuponya, na hawakudaiwa uponyaji. Walichodaiwa ni kumfikisha. Wazazi, wake, waume na ndugu wanaosoma haya huku wakisikiliza mlango usiku, wasijihukumu kwa jambo ambalo liko mikononi mwa Mungu. Wamwite mtu wa pili ashike kona moja ya godoro, na huyo amwite wa tatu.